Jinsi ya kupima ubora wa pambano la mieleka: mwongozo wa nyota kwa anayeanza

Kila likipita onyesho kubwa, maswali ni yale yale. Nyota nne na robo maana yake nini? Nani anazitoa? Kwa nini pambano lililonikosesha usingizi wengine wanalipatia mbili na nusu? Na lile linaloulizwa kuliko yote: kama mshindi amepangwa kabla ya kengele, kinachopimwa ni nini?

Tuanze na hilo la mwisho, maana usipolielewa hatua zote za chini zitakuchanganya. Ndiyo, matokeo hupangwa. Hatupimi nani ana nguvu kuliko mwenzake. Tunapima jinsi watu wawili wanavyoshirikiana kukufanya uamini, kwa dakika ishirini, kwamba wanachukiana na kwamba ule mkanda wa ubingwa una thamani ya kuumia kwa ajili yake. Mwili unaoanguka sakafuni unaanguka kweli. Ufundi ni wa kweli, pumzi zinazokatika ni za kweli, na umati unaosimama haukuambiwa usimame. Hivyo vyote vinapimika.

Kipimo cha nyota kinachotumika zaidi kilibuniwa na Jim Cornette na rafiki yake Norm Dooley, kisha mwandishi Dave Meltzer akakieneza katika jarida lake la Wrestling Observer tangu miaka ya 1980. Kwa asili kinaanzia sifuri hadi tano, kwa vipande vya robo, na pambano bovu kupita kiasi hushuka chini ya sifuri. Siku hizi tano si dari tena: Januari 2017 Meltzer alilipatia pambano la Kenny Omega na Kazuchika Okada nyota 6, na Juni 2018 pambano lao la nne akalipatia 7. Ubishi uliozuka hadi leo haujaisha. Ila wewe usianze na ubishi huo. Anza hapa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Pambano zima, kuanzia wanaume au wanawake hao wanapoingia hadi baada ya kengele ya mwisho. Vipande vya dakika tatu havipimiki, kwa sababu waliovikata wameshakuchagulia cha kupenda.
- Daftari au jedwali lenye safu hizi: tarehe ya onyesho, majina, aina ya pambano, muda, nyota, sababu. Safu ya sababu iwe pana kuliko zote.
- Maelezo mafupi ya bifu: nani alimfanyia nini nani, na nini kinagombewa.
- Matokeo ambayo hujayasikia. Ukishajua nani anashinda, kila mara refa anapopiga mkono sakafuni utakuwa umetulia wakati ulitakiwa uruke.

Huhitaji kujua jina la kila mbinu. Wapo wanaotaja mbinu mia bila kukosea na bado hawawezi kukueleza kwa nini pambano lilikuwa tamu.

Hatua ya 1: Andika maana ya kila nyota kwa maneno yako

Namba isiyo na maana iliyoandikwa itahama kila wiki kufuata hali yako ya moyo. Mimi natumia hii, ibadili upendavyo, lakini ukishaibadili ishike:

0: hakuna kilichofanya kazi.
1: bovu, ingawa kuna kitu kimoja cha kushika.
2: la kawaida, linapita.
3: zuri, hujapoteza muda wako.
3½: zuri sana, mwambie rafiki yako kama ana nafasi.
4: bora, mwambie atafute nafasi.
4½: linagombea pambano bora la mwaka.
5: kilele, miaka kumi ijayo bado utakuwa unalitolea mfano.
Chini ya 0: onyesho lingekuwa bora kama lisingekuwepo.

Miezi ya mwanzo tumia nusu nusu tu. Robo ni za mtu ambaye ameshatazama vya kutosha kusema kwa nini hili ni 3¾ na lile ni 4. Ukiziingia mapema utakuwa unabahatisha.

Elewa pia kwamba nyota hupima ubora wa pambano, hazipimi umaarufu wake. Mfano mzuri ni WrestleMania III, onyesho kubwa la kila mwaka la kampuni ya Marekani inayoitwa leo WWE, tarehe 29 Machi 1987. Hulk Hogan alimnyanyua André the Giant na kumbwaga, na picha hiyo inajulikana hata na watu wasiotazama mieleka. Meltzer alilipatia pambano hilo nyota 4 chini ya sifuri. André alikuwa mgonjwa, hakuweza kusogea sawasawa, na sehemu kubwa ilikuwa kukumbatiana tu. Usiku huo huo Randy Savage na Ricky Steamboat walipigana kwa dakika zisizofika kumi na tano, na Meltzer akawapa 4½. Mimi nisingeshuka hadi 4 chini ya sifuri kwa Hogan na André, kwa sababu uwanja mzima ulikuwa mikononi mwao. Lakini nyota nne za juu? Hapana, kwa kipimo chochote.

Hatua ya 2: Chagua mapambano ya kupimia

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila anayeanza. Chukua mapambano matano au sita ambayo tayari unayajua vizuri, yapange kuanzia la chini hadi la juu, uyape nyota na uyaache hapo. Kila pambano jipya utaliuliza: limekaa juu ya lipi, na chini ya lipi? Ni kama fundi na mawe ya mizani. Jiwe halibadilishwi kwa sababu ya mteja.

Kwa ngazi ya juu kabisa, haya yanatajwa na wengi na yanafaa kutazamwa mapema: Shawn Michaels na Razor Ramon kwenye pambano la ngazi ya kupandia (anayeipanda na kuchukua mkanda ulioning'inizwa juu ndiye mshindi), WrestleMania X, 1994. Mitsuharu Misawa na Toshiaki Kawada, Juni 1994, ukumbi wa Nippon Budokan, Tokyo. Bret Hart na Steve Austin, WrestleMania 13, 1997. CM Punk na John Cena, Money in the Bank, Julai 2011. Na Omega na Okada wa Januari 2017. Hulazimiki kukubali kwamba yote ni tano. Unachotakiwa ni kujua yako wapi kwenye rula yako.

Usisahau la katikati. Watu huweka mapambano matatu ya nyota tano na mawili ya nyota moja, halafu hawana cha kulinganishia lile la kila wiki, ambalo ndilo watakalopima mara nyingi zaidi. Tafuta pambano la nyota mbili na nusu unalolikumbuka vizuri. Si rahisi, lakini ndilo litakalokusaidia kuliko yote.

Hatua ya 3: Kabla ya kengele, jibu maswali matatu

Nani stelingi na nani adui? Wanagombea nini? Sheria za pambano hili ni zipi? Andika kwa mistari mitatu, basi. La tatu lina uzito kuliko linavyoonekana: katika pambano la kusalimu amri unashinda mpinzani akikubali kushindwa tu, hakuna pini (kumbana mabega chini hadi refa ahesabu tatu), kwa hiyo anayemlalia mwenzake mabegani amesahau yuko wapi, na hilo ni kosa la kukatia alama.

Hatua ya 4: Tazama mara moja bila kusimamisha

Usirudishe nyuma, usisimamishe ili kuandika. Andika neno moja moja tu gizani: "goti", "meza", "umati umelala", "mbili na nusu!!" (yaani aliyebanwa kwa pini amechomoka refa akikaribia kuhesabu tatu). Mieleka imetengenezwa ili iliwe kwa mwendo wake. Ukiikatakata utaona makosa ambayo mtazamaji wa ukumbini hakuyaona, na utakosa msisimko alioupata.

Hatua ya 5: Pima vitu hivi

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

*Maumivu.* Mtu akipigwa goti kwa dakika nane, goti hilo linatakiwa kuuma hadi mwisho. Akiruka na kukimbia kana kwamba hakuguswa, zile dakika nane zimetupwa. Tazama anavyoweka mguu chini baada ya kushambulia: anachechemea? Anashindwa kumkandamiza mpinzani kwa wakati kwa sababu mguu umemsaliti? Kwangu mimi hiki kina uzito kuliko idadi yoyote ya mbinu za kuruka.

*Hadithi.* Kila pambano zuri unaweza kulisimulia kwa sentensi moja yenye "lakini" au "kwa hiyo" ndani yake. Kama unachoweza kusema ni "akafanya hivi, halafu yule akafanya vile, halafu wakafanya vingine", hujaona hadithi. Umeona maonyesho ya viungo.

*Utekelezaji.* Waliboronga wapi? Tenganisha aina mbili za makosa. Mguu ukiteleza kwenye kamba na mpiganaji akaligeuza kosa kuwa sehemu ya uchovu wake, usikate kitu, pengine ongeza. Mpinzani akisimama sekunde tano akisubiri kurukiwa huku mikono iko tayari kudaka, hapo kata, kwa sababu amekukumbusha kwamba imepangwa.

*Kupanda kwa joto.* Pambano linatakiwa kuwa na ngazi. Mbinu kubwa zikitumika dakika ya tatu, dakika ya kumi na tano hakuna kilichobaki. Hesabu mara ngapi mtu alichomoka kwenye mbili na nusu, kisha jiulize ni mara ngapi uliamini imekwisha. Hiyo namba ya pili ndiyo yenye maana.

*Umati.* Usiupe alama yake peke yake. Uutumie kama ushahidi. Mwaka 2002 mjini Toronto, Hulk Hogan aliingia kama adui dhidi ya The Rock, na watu wakamshangilia yeye. Wote wawili walisikia, na wakaanza kupigana kwa kufuata umati badala ya mpango waliokuja nao. Kiufundi ni pambano jepesi. Lakini kusoma ukumbi namna ile nao ni ufundi, na rula isiyouona ufundi huo ina kasoro.

*Mwisho.* Je, mwisho umetoka ndani ya pambano au umedondoshwa kutoka juu? Mtu wa tatu akiingia na kiti bila sababu iliyotayarishwa, pambano la nyota nne huwa la nyota tatu na nusu papo hapo.

Tuvitumie vyote kwenye pambano moja, Bret Hart na Steve Austin wa tarehe 23 Machi 1997. Ni pambano la kusalimu amri, refa wa mwaliko ni Ken Shamrock. Bret ni stelingi aliyeanza kunung'unika. Austin ni adui ambaye watu wameanza kumpenda. Wanaanzia kupigana katikati ya watazamaji. Bret anauhujumu mguu wa Austin, hadi kumkunja miguu kwenye nguzo ya ulingo kutokea nje. Uso wa Austin unapasuka. Karibu na mwisho anamkaba Bret kwa waya, Bret anaokota kengele ya mezani na kumpiga nayo, kisha anamfunga kwa Sharpshooter, mbinu inayoshambulia mgongo na ile miguu iliyokwisha kuharibiwa. Kamera inasogea. Damu inapita katikati ya meno ya Austin, anajinyanyua kwa mikono, karibu avunje ule mfungo, anarudi chini. Hapigi mkono kuonyesha amekubali kushindwa. Anazimia, na Shamrock anasimamisha.

Sasa tazama baada ya kengele, ndiyo maana nilisema pambano zima. Bret anaendelea kumpiga mtu aliyezimia. Shamrock anamtoa kwa nguvu na kumwita wapigane. Bret anaondoka huku akizomewa. Austin anakataa msaada, anampiga ofisa aliyemgusa kwa Stunner, mbinu yake ya kumalizia, na anatoka kwa miguu yake akichechemea huku jina lake likiimbwa. Stelingi na adui wamebadilishana nafasi bila mtu kusema neno. Maumivu, hadithi, ngazi, mwisho: kila kimoja kinakibeba kingine. Meltzer alilipatia tano, na mimi sina robo ya kupunguza.

Hatua ya 6: Andika sababu kwanza, namba baadaye

Sentensi mbili. Ya kwanza: kilichofanya kazi zaidi. Ya pili: kilicholipunguzia. Halafu ndipo uweke nyota. Ukianza na namba, akili itatafuta sababu za kuitetea, na hutajua kamwe kwamba ulianza na jibu.

Hatua ya 7: Rudi kesho yake

Usibadili namba ya jana. Weka ya leo pembeni. Zikitofautiana kwa zaidi ya nusu nyota, tazama tena dakika kumi za mwisho na uamue. Msisimko wa usiku huohuo una haki ya kuandikwa, ila usiwe wenyewe hakimu.

Hatua ya 8: Sasa linganisha na wengine

Meltzer ni mtu mmoja mwenye ladha yake. Tovuti ya Cagematch hukusanya kura za mashabiki kwa kipimo cha 0 hadi 10. Gazeti la Tokyo Sports la Japani limekuwa likitoa tuzo ya pambano bora la mwaka tangu 1974, na jarida la Pro Wrestling Illustrated la Marekani nalo hutoa yake. Vipimo hivi havikubaliani, na pale visipokubaliana ndipo utakapojifunza zaidi.

Tahadhari moja: usigeuze kumi kuwa tano kwa kugawa kwa mbili. Nyota 3 ni sifa, lakini 6 kwa 10 wengi huiona kama kufeli, kwa hiyo pambano hilohilo la nyota 3 huko hupewa 7.

Makosa yanayowaangusha wengi

Kudhani urefu ni ubora. Omega na Okada walipigana saa nzima bila mshindi Juni 2017, na Agosti mwaka huohuo wakakutana tena kwa chini ya dakika thelathini. Wapo wengi, nami nikiwemo, wanaoliweka lile fupi sambamba na lile refu. Dakika zinazojazwa kwa kushikana shingo hazina alama.

Kupima pambano la mfululizo kana kwamba limesimama peke yake. Kwenye pambano la kwanza la wale wawili, Omega hakufanikiwa kabisa kumpiga Okada kwa One-Winged Angel, mbinu yake ya kumalizia. Kwenye la pili alifanikiwa, Okada akaokolewa na mguu uliofika kwenye kamba. Kwenye la tatu ndipo mbinu hiyo ikamaliza kazi. Asiyejua hilo anaona mbinu tu. Anayejua anaona deni la miezi saba likilipwa.

Kuipa hatari nyota za ziada. Hili nalisema kwa uzito wote. Mtu akiangukia shingo, moyo unaruka, na ni rahisi kudhani huo ni ubora. Misawa, ambaye mapambano yake yamo kwenye kila orodha, alifariki Juni 2009 baada ya kubwagwa ulingoni mjini Hiroshima, baada ya miaka mingi ya kuanguka vibaya. Mpiganaji anayekufanya uamini kuwa ameumia huku akirudi nyumbani mzima ana ufundi mkubwa zaidi kuliko anayeumia kweli. Nyota zako ziende kwake.

Kutumia rula ya mtindo mmoja kwa mitindo yote. Mieleka ya Mexico mara nyingi mshindi ni anayechukua raundi mbili kati ya tatu, na kasi na kuruka ni lugha yake ya kawaida, siyo pambo. Tazama mapambano kadhaa ya mtindo mgeni kabla ya kuyapa namba.

Ukikwama

*Kila pambano nalipatia nne.* Huna la katikati kwenye mapambano ya kupimia. Rudi hatua ya 2. Au unatazama tu yale yaliyosifiwa, na hapo huenda hukosei. Tazama onyesho zima, kuanzia pambano la kwanza.

*Pambano limekwisha kabla sijakaa.* Goldberg alimmaliza Brock Lesnar kwa dakika 1 na sekunde 26, Novemba 2016. Mapambano ya namna hiyo unaweza kuyaacha bila nyota, ukaandika "halikupimwa" na sababu. Kulipatia sifuri ni kulionea, kwa sababu lilifanya hasa lilichokusudia.

*Hakuna umati.* Mwaka 2020 maonyesho mengi, WrestleMania 36 ikiwemo, yalifanyika bila watazamaji. Ushahidi wa umati haupo, basi utegemee maumivu na hadithi. Usijaribu kukisia ukumbi ungefanyaje.

*Ni mpiganaji ninayempenda, sijiamini.* Badilisha majina kichwani. Kama mtu usiyemjali angefanya vilevile, ungempa ngapi? Tofauti ikibaki, andika kwenye safu ya sababu kwamba unampenda, na uache namba yako. Msomaji atajua la kufanya nayo.

*Kundi letu halikubaliani.* Msitafute wastani wa kawaida, kwa sababu mtu mmoja mwenye hasira akiweka sifuri anawavuta wote chini. Pangeni namba zote kwa mstari, chukueni ya katikati, kisha aliyeweka ya juu kabisa na aliyeweka ya chini kabisa wasome sababu zao kwa sauti.

*Namba zangu za mwaka jana naziona za ajabu.* Ziache. Ongeza safu ya "leo", tazama tena, uandike namba mpya na tarehe yake.